Mboni Alivyokataa Kisu cha Pili

Miaka ile ya sabini, ukiuliza Bondeni ni nani anashona sare za shule zisizofumuka, ungeelekezwa kwa Mboni, mke wa Obeid dereva, nyumba ya pili kutoka bomba la maji. Duka la Ratilal lilimletea vitambaa, naye alikaa kwenye cherehani kutoka chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri, kaptura za wavulana huku, marinda ya wasichana kule. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, miguu ilimvimba kwa kukanyaga, na ukimjulia hali alikujibu "tunasukuma tu," halafu anatia uzi kwenye sindano. Watu walisema kazi imemmaliza yule mama. Kazi! Wangejua. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimpumzisha. Kilichomchosha alikuwa nacho tangu mwaka mmoja kabla ya uhuru, alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

Lazima tuanzie huko, la sivyo hutaelewa kwa nini mwaka wa sabini na tano alisimama mbele ya daktari akakataa jambo ambalo mumewe, mama mkwe wake na daktari mwenyewe walikuwa wamekwisha kulipitisha.

Mboni na Obeid walikuwa binamu. Babu yao alikuja Nakuru kutoka Pwani na reli, akajenga, akazaa, akazikwa huku huku, na wajukuu wakaozana kama ilivyo kawaida yao. Mtoto alipokuja, aliyempokea ni mama yake Obeid, Bi Rukia, mkunga aliyeheshimika mtaa mzima. Bi Rukia alimshika mtoto, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza. Yeye ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, akanyamaza.

"Ni nini, Mama?" Mboni akauliza.

"Ni mtoto," akasema Bi Rukia, akamfunika.

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa baadaye, na laiti wangaliishia hapo. Ukweli ni kwamba mtoto yule hakuonekana wazi kuwa wa kiume wala wa kike. Mungu alimuumba katikati, basi. Mboni mwenyewe alipomwosha kwa mara ya kwanza alitazama, akatazama tena, akamfunga nepi upesi kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Sasa, watu wa Bondeni wana jambo lao. Mtoto akifika siku ya saba ananyolewa nywele, anapewa jina, na kunachinjwa akika: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Majirani wanaalikwa kula. Na hao majirani, jamani, kabla hata ya kuvua viatu, wameshachungulia uani kuona wamefungwa mbuzi wangapi. Mbuzi ndiye anayetangaza. Obeid, kwa furaha ya kuitwa baba, alikuwa amealika watu hadi wa Molo kabla hata mkewe hajaamka kitandani. Basi kila asubuhi Bi Rukia alisimama mlangoni akauliza, "Wachinjwe wangapi?" na kila asubuhi hakuna aliyemjibu. Kuahirisha kusingewezekana, angalau wao hawakuona kama kungewezekana. Ukiahirisha, watu watauliza kuna nini, na ukiulizwa kuna nini, utasema nini?

Mtu wa kumwendea alikuwepo, tena karibu. Mwalimu Alamin wa chuo cha Kurani alikaa nyumba ya saba kutoka kwao. Lakini walimwogopa. Hawakuogopa ukali wake, maana hakuwa nao. Waliogopa kwamba angejua. Aibu ni kitu cha ajabu: inakupitisha mlangoni kwa mtu anayekujua ikakupeleka kwa asiyekujua. Siku ya sita Obeid alimbeba mtoto hadi kwa Daktari Hollins.

Huyu Hollins alikuwa mzungu wa makamo mwenye kliniki yake mlimani, upande wa Menengai. Alizoea kutibu masetla, na uhuru ulipokaribia akafungua mlango wa nyuma kwa Waafrika wenye uwezo wa kulipa. Alimtazama mtoto kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Akasema maneno machache, na dresa wake akayatafsiri: "Daktari anasema ni msichana. Msichana ni rahisi zaidi kutengeneza."

Kutengeneza! Kama kiti. Na unajua walifanya nini, Mboni na Obeid? Walifurahi. Kweli kabisa, walifurahi. Walishuka mlima wakicheka kama watu waliopata kiwanja. Kesho yake akachinjwa mbuzi mmoja, mtoto akaitwa Mastura, watu wakala wakashiba wakaomba dua, na hakuna aliyeuliza kitu. Mtoto alipopita mwaka, wakampeleka kwa Hollins, akamkata alichokiita ziada. Akawaonya: mtoto asiambiwe kamwe. Akiuliza kovu ni la nini, waseme alipasuliwa ngiri. Hiyo ndiyo njia bora, alisema, na alisema kwa upole, maana Hollins hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi ili usinione mchochezi. Hakuna mtu mbaya katika habari hii, na ndiyo maana inachosha.

Kisu kile hakikwenda mara moja kikaisha. Kovu lilikaza, likabidi lifunguliwe tena. Kila msimu wa baridi, mvua ya mwezi wa saba ikishuka kutoka Mau, Mastura alishikwa na homa na maumivu ya kukojoa, na Mboni alimfunga mgongoni na baadaye akamkokota kwa mkono, juu hadi kliniki, chini hadi nyumbani. Wakati mwingine Hollins aliwaita madaktari wenzake waje waone. Wanaume wanne watano wamesimama kuzunguka kitanda, wanaongea Kiingereza, na mtoto amegeukia ukutani. Siku moja wakirudi, Mastura, akiwa na miaka minane, alimuuliza mama yake, "Kwani ngiri ni kitu cha kutazamwa na watu wengi hivi?"

"Wanajifunza," Mboni akamwambia.

"Si wajifunze kwa mtu mwingine."

Mboni alinunua mahindi ya kuchoma, wakala wakitembea. Kati ya hapo mimba mbili zilimharibikia, na zote mbili, Mungu amsamehe, alilia kwa jicho moja tu.

Kisha Mastura akafika miaka kumi na mitatu, na mwili ukaanza kusema mambo yake wenyewe. Hollins alikuwa amekata alichokiona; kilichokuwa ndani hakukigusa. Bi Rukia alikuwa amekwisha kumchagulia mjukuu wake somo wa kumfunda, akingojea tu mtoto avunje ungo. Mwezi ukaja ukapita, na mwingine, na mwingine. Badala ya kifua kukua, mabega ndiyo yaliyopanuka. Juu ya mdomo kukaota kivuli. Na sauti, sauti iliyokuwa ikiongoza kasida za wasichana kila maulidi hadi wanawake wakajipangusa macho, ikavunjika, ikawa nzito kama ya Obeid mwenyewe. Ala! Shuleni wakamwita "Bwana Mastura." Akaacha kuimba, akaacha kujibu darasani, akaacha kusalimu watu njiani. Nyumbani alinong'ona. Nyumba nzima ikazoea kunong'ona naye, kama nyumba yenye maiti.

Katika mwaka huo huo, wa sabini na tano, Mboni akajifungua tena.

Bi Rukia, mzee sasa, alimgeuza mtoto kwenye dirisha lile lile. Safari hii hakunyamaza. "Kama yule," akasema, akaketi chini.

Obeid alirudi na lori la pareto kutoka Olenguruone, nguo zote zimejaa vumbi la maua yale makavu. Alipoambiwa, alivua kofia akaiweka juu ya meza, akaichukua, akaiweka tena. "Tumpeleke kwa daktari," akasema. "Na safari hii isichelewe."

Hollins alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kliniki ilinunuliwa na Daktari Jagdish, kijana wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo Nakuru, mpole, Kiswahili chake cha mjini kabisa. Alimpima mtoto vizuri, akawakalisha, akawaeleza. Upasuaji wa sasa si ule wa zamani, alisema. Ufanywe mapema, safari hii ndani na nje, yaishe mara moja. Mtoto hatakumbuka chochote. Alipanga wiki ya pili ya mwezi uliofuata. Obeid akakubali, Bi Rukia akashukuru, na Mboni akaitazama picha ya ukutani ya mwanamke akinyonyesha, asiseme ndiyo wala la.

Kesho yake asubuhi alijitanda buibui, akambeba mtoto, akatembea nyumba saba. Alikuwa amechelewa miaka kumi na mitatu, lakini akatembea.

Mwalimu Alamin alimsikiliza hadi mwisho, macho chini. Halafu akasema, "Hunthaa. Mtu wa namna hiyo vitabu vinamjua, binti yangu. Kuna mlango mzima juu yake: atarithi nini, atasimama wapi kwenye sala, atazikwa vipi. Wanavyuoni walibishana juu yake miaka mingi sana, na hakuna hata mmoja aliyesema hayupo."

"Wanasema afanywe nini?"

"Angojewe. Akibaleghe, mwili utaonyesha, na yeye mwenyewe atakuwa na ulimi wa kusema. Mpe jina ambalo yeyote aweza kulibeba. Mwite Riziki."

"Na akika, Mwalimu? Kesho kutwa ni siku ya saba. Tunachinja wangapi?"

Mwalimu akashangaa. "Nani amekwambia lazima iwe siku ya saba? Siku ya saba ni bora tu. Unaweza kuchinja ya kumi na nne, ya ishirini na moja, hata mwakani. Usipokuwa tayari, unangoja. Hilo kila mtu analijua."

Kila mtu analijua! Mboni alishika mlango. Haraka yote ile. Kupanda mlima siku ya sita, mtoto katika shali, Obeid akitokwa na jasho, yote kwa ajili ya siku ambayo ingeweza kungoja, na jawabu lilikuwa hapa, nyumba ya saba, likinywa kahawa.

"Kwa nini hamkuja mara ya kwanza?" Mwalimu akauliza, taratibu.

"Tuliona haya," akasema Mboni. Hakukuwa na jingine.

Jioni ile alimwambia Obeid kwamba hatampeleka mtoto kwenye kisu. Obeid hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kwenye kochi, mikono imening'inia kati ya magoti.

"Mama Mastura, umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria miaka kumi na mitatu."

"Hujafikiria. Sikiliza. Tukimkata huyu, basi wote wawili walikuwa wagonjwa, wakatibiwa, yakaisha. Tukimwacha huyu, yule mkubwa atauliza. Si mjinga. Atauliza, mbona mimi? Mbona mimi hamkuniacha? Utamwambia nini?"

Mboni akamhamishia mtoto bega la pili.

"Mimi siwezi," Obeid akasema. Alikuwa analia, mwanaume mzima anayeshusha lori lenye mzigo kwenye matope ya Mau bila kufunga breki. "Kumkata mtoto ninaweza kubeba. Kumtazama Mastura usoni siku hiyo siwezi."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Si vitabu vya daktari, si vya Mwalimu. Ili kumwokoa mdogo, ilibidi amwambie mkubwa alichofanyiwa. Na ili asimwambie mkubwa, alihitaji tu kusema ndiyo, kama alivyosema mara ya kwanza, na dunia nzima ingemsaidia. Mboni alilala chali usingizi haupatikani, akajichukia, akamchukia Obeid kwa kulisema kwa sauti. Kwa sababu alikuwa amelifikiria, bila shaka alikuwa amelifikiria. Kwa siku kadhaa alikuwa akijiuliza kama kweli kisu cha sasa si afadhali. Mtu akichoka sana hata uongo unamfariji.

Siku ya saba ikapita bila mbuzi. Majirani wakaja kumpa mkono, wakachungulia uani, wakaona kamba za nguo na kuku. Mmoja akauliza, "Kwani vipi?" Mboni akajibu, "Bado," akawawekea chai. Walikunywa wakitazamana. Walipotoka walianza kusema kabla hawajafika bombani, na Mboni aliwasikia, na cha ajabu ni kwamba hakufa.

Wiki ya upasuaji ilipofika, alipanda kliniki peke yake, mtoto mgongoni. Angeweza kutokwenda tu, watu wengi hufanya hivyo, lakini alitaka kulisema kwa mdomo wake.

"Sikuja kumleta," akamwambia Daktari Jagdish. "Nimekuja kukwambia simleti."

Daktari akamkaribisha kiti. "Mama, naelewa unaogopa. Lakini fikiria shule. Fikiria watoto wengine, walivyo wakatili. Fikiria ndoa."

"Mastura wanamcheka, daktari. Alikatwa na wanamcheka."

"Yule alifanyiwa kizamani. Haikukamilika."

"Na mwaka themanini na tano mwenzako atakuja kuniambia huyu naye alifanyiwa kizamani."

Jagdish akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Sijitungii, mama. Vitabu vyote nilivyosoma vinasema tuamue mapema na tusimwambie mtoto. Vyote."

"Vimeandikwa na waliokatwa?"

Mtu mwingine angekasirika. Yeye alivaa tena miwani. "Kuna siku utajilaumu," akasema mwishowe, bila ukali.

"Najilaumu tayari, daktari. Hiyo lawama nimeshaizoea, nalala nayo, naamka nayo. Ya pili ndiyo sina mahali pa kuibeba." Akainuka. "Akishikwa na homa nitakuletea. Akikohoa nitakuletea. Wewe ni daktari mzuri."

Akateremka. Usifikiri alishuka ameshinda. Alishuka polepole, kwa sababu jambo la daktari lilikuwa jepesi na lilikuwa limekwisha. La nyumbani lilikuwa linamngoja.

Mastura alikuwa kwenye cherehani, akimalizia mikono ya mashati ya Ratilal. Obeid alikuwa safarini. Alikuwa ameomba safari, na Mboni hakumlaumu. Bi Rukia alilala chumba cha ndani. Mastura alimwona mama yake akiingia na mtoto, akamtazama mtoto, akaacha kukanyaga.

"Si mlisema anapasuliwa leo?" akanong'ona.

"Hapasuliwi."

"Ngiri yake imepona?"

Mboni alimlaza mtoto kwenye mkeka. Akaketi hapo hapo sakafuni, buibui na yote. "Hana ngiri, Mastura. Na wewe hukuwa na ngiri."

Akamwambia. Alimwambia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akisahau, lakini alimwambia yote: alivyozaliwa, siku ya sita, mlima, maneno ya dresa, kisu, na kwamba sauti hii inayochekwa si ugonjwa wala laana, ni yake, ndiyo iliyokuwa njiani tangu mwanzo. Alipomaliza alingoja matusi. Alingoja mlango ubamizwe. Alikuwa ameyaandaa majibu: tulikuwa vijana, nyanya yako alisimama mlangoni kila asubuhi, mzungu alisema, watu walikuwa wamealikwa, tulikupenda. Yote yalikuwa kweli.

Mastura hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alikuwa akilivuta vuta shati lililokwama chini ya sindano.

"Siku ile mliyonipeleka," akasema, na safari hii hakunong'ona, sauti ilitoka nzito, ikajaa chumba. "Ya kisu. Nilikuwa naumwa?"

Majibu yote aliyoyaandaa Mboni hayakuwa ya swali hili.

"Hapana."

"Hata homa?"

"Hata homa. Ulikuwa umejua kutembea juzi tu. Nilitaka kukubeba ukakataa. Uliingia pale kliniki kwa miguu yako mwenyewe, umenishika kidole, unacheka."